Windows mpya, gemu imegoma: Fundi anajibu barua zenu

Jamani mwezi huu mmenishinda. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft walivyoacha kuitunza Windows 10 kila mtu kakimbilia Windows 11, wengine kompyuta zao zimekubali zenyewe, wengine wamelazimisha, halafu wiki hiyohiyo gemu inaanza kuandika "connection error" na matusi yote yanaenda kwa Windows. Nimechagua barua saba. Kwenye hizi saba Windows yenyewe ina makosa ya kweli kwenye mbili tu, mtaziona. Zingine inasingiziwa.

Kabla ya yote, na hii naomba muifanye kabla hamjaniandikia: washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta hiyohiyo, fungua gemu dakika mbili. Ikikubali basi kompyuta haina shida, shida iko kwenye rauta au kwa hao wanaowauzia intaneti. Ikigoma vilevile basi rauta iacheni ipumzike, shida iko ndani ya kompyuta au huko seva iliko. Nusu ya waliofomati kompyuta mwezi huu wangejua hapo hapo kwamba hawana haja ya kufomati.

Shikamoo fundi. Mimi nipo chuo hapa Dodoma, nimenunua desktop iliyotumika na Windows 11 nimeweka mwenyewe kwa flash. YouTube inacheza fresh, WhatsApp ya kwenye browser inafunguka, ila gemu nikiweka password inazunguka weee mwisho inasema imeshindwa kuunganisha. Nimefomati mara tatu, nimebadili kebo, nimeongeza bando. Hotspot nimejaribu, vilevile. Wenzangu hosteli wananicheka. — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Mara tatu! Pole.

Sasa hii nakuelewa kwa sababu ilishanitoa jasho. Desemba moja mtoto wa jirani kaniletea kompyuta yenye ugonjwa huohuo, jioni, nikasema hii dakika kumi tu. Nikaanza na zile za kila siku, nikafungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua "Run as administrator", nikapiga ipconfig /flushdns, nikapiga netsh winsock reset, nikapiga netsh int ip reset, nikazima nikawasha. Hola. Nikatoa antivirus. Hola. Nikaweka draiva mpya ya kadi ya mtandao, nikaiangalia kama ndio yenyewe, ndio yenyewe. Hola. Adhana ya magharibi imeadhiniwa mimi bado nimeinama. Ikafika saa moja na kitu hivi mama yake akamtumia ujumbe WhatsApp, njoo ule, na kwa kuwa alikuwa ameiacha wazi kwenye kompyuta tukauona ukiingia wote wawili. Dogo akacheka akasema mbona mama kanitumia saa mbili asubuhi? Nikaangalia. Kweli, ujumbe umeingia sasa hivi lakini pembeni pameandikwa 8:00, wakati saa ya chini kulia kwenye kona inasema 19:00 kama kawaida.

Hapo ndipo nilipojua. Ukiweka Windows kwa Kiingereza cha Marekani, mara nyingi inajipa saa za kule upande wa California. Ukiingia mara ya kwanza unakuta saa haieleweki, kwetu mchana yenyewe inasema usiku, basi unaenda unairekebisha kwa mkono isomeke sawa na ya ukutani. Kwa macho imekaa sawa. Lakini ulichobadilisha ni mishale tu, eneo umeliacha kulekule Marekani, kwa hiyo kompyuta inaamini iko California na kule ni saa moja jioni. Ukipiga hesabu inakuwa imetangulia masaa 11 mbele ya dunia nzima. Kuingia kwenye gemu ni kama tiketi ya basi, seva inakupa ruhusa yenye muda maalum, wakati mwingine dakika chache tu, na kompyuta yako ikiipokea inaona tiketi ya jana. Inaitupa. YouTube inapita kwa sababu vyeti vya tovuti vinaishi wiki na miezi, masaa 11 haviyahisi, na ndio maana unachanganyikiwa ukiona intaneti ipo.

Tiba yake sasa. Nenda "Settings", kisha "Time & language", kisha "Date & time". Palipoandikwa "Time zone" tafuta yenye UTC+03:00 na jina la Nairobi. Watanzania msianze, Dar es Salaam haimo kwenye ile orodha, chukueni tu Nairobi saa ni ileile. Halafu shuka chini bonyeza "Sync now" iende ikaulize saa sahihi yenyewe. Na tafadhali kama unaweka kwa mkono usiweke saa ya Kiswahili, kuna mmoja alikuwa anaandika 2:00 kwa sababu ni saa mbili asubuhi, huyo alikuwa na shida mbili juu ya moja.

Wewe umesema desktop ni ya mkononi kwa mtu, basi angalia na hili: ukichomoa waya wa umeme usiku asubuhi ukakuta tarehe imerudi miaka ya nyuma huko, betri ya ndani imekufa. Ni ile ya duara ya bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, unaitoa kwa kucha unaweka mpya, ila uwe umezima na kuchomoa kila kitu. Na hapo usishangae "Sync now" ikikataa. Windows saa ikipishana kupita kiasi, zaidi ya masaa kama 15, inagoma kujirekebisha yenyewe. Isogeze kwanza kwa mkono ifike karibu, ndio ubonyeze.

Yule dogo gemu ilifunguka kabla hata chakula chake hakijapoa. Mimi nikaenda nyumbani na aibu yangu.

Fundi habari. Nina kibanda cha magemu hapa Mwanza, kompyuta sita zimefungwa kwa swichi, vijana wanacheza wenyewe kwa wenyewe bila intaneti. Nimezihamisha zote Windows 11. Sasa moja ikifungua mchezo zingine haziuoni. Mbili zinaonana, nne hazionani, na kila siku zinabadilika nadhani. Napoteza wateja. — Mwenye kibanda, Mwanza

Bosi wangu, hii ndio moja ya zile mbili ambazo Windows ina lawama.

Windows 11 ikikutana na mtandao mgeni inauchukulia kama wa stendi. Yaani inaandika "Public network" na kufunga milango, kompyuta za jirani zisiione. Kwa mtu wa laptop anayeunganisha wai-fai ya hoteli hiyo ni busara kabisa, kwako wewe ni hasara. Kwenye kila kompyuta, zote sita, nenda "Settings", "Network & internet", bonyeza "Ethernet", na pale juu chagua "Private network". Usifanye kwa tano ukasahau ya pembeni.

Ila hiyo haitamaliza, maana nina wasiwasi na vijana wako. Mchezo ukifunguliwa mara ya kwanza Windows inaleta kidirisha kinauliza kama faiwoli iuruhusu. Kijana ana haraka, anabonyeza "Cancel" kipotee aendelee kucheza. Watu wengi hawajui kwamba hiyo "Cancel" ni kukataa kwa maandishi, Windows inaandika sheria ya kuuzuia ule mchezo na haitauliza tena milele. Ndio maana kwako mbili zinaonana na nne hazionani, inategemea nani alikaa pale siku ya kwanza na alibonyeza nini. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "Allow an app through Windows Firewall", ingia, bonyeza "Change settings", utafute jina la mchezo kwenye orodha na uweke tiki kwenye "Private". Kama mchezo upo mara mbili mbili kwenye orodha weka tiki zote. Ukiona bado, tafuta programu ya faiwoli yenye "Advanced settings", ingia "Inbound Rules", sheria zenye alama nyekundu na jina la mchezo wako zifute, kisha fungua mchezo upya. Safari hii kidirisha kikija kaa wewe mwenyewe hapo.

Njia ya kuhakikisha kama ni faiwoli kweli: chomoa waya wa intaneti kama upo, zima faiwoli kwenye kompyuta mbili, jaribu, zionane au zisionane, halafu WASHA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nawajua.

Kingine, kama kwenye hizo kompyuta kuna mtu aliweka programu za VPN au zile za kuunganisha marafiki wa mbali, zinaacha kadi za mtandao za bandia, na michezo ya zamani ina tabia ya kushika kadi ya kwanza inayoiona. Unakuta mchezo unatangaza kwenye kadi ambayo haina mtu. Andika ncpa.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ubonyeze Enter, utaziona zote zimepangwa, usizozijua bonyeza kulia uchague "Disable". Ukikuta kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254 na zingine zinaanza na 192.168, hiyo haijapewa anwani na rauta, angalia waya wake kwanza kabla hujaenda popote, vile vichwa vya plastiki vikikatika ulimi vinalegea.

Vipi fundi. Mimi niko Mombasa. Nilikuwa nacheza na mabeste wangu poa kabisa, nikaweka Windows 11 mwezi ule ule niliohamia nyumba mpya na intaneti ingine. Sasa naweza kuingia gemu lakini nikiwa mimi ndio mwenyeji hakuna anayeweza kujoini, na inasema NAT yangu ni "Strict". Nimefungua ports kwa router vile YouTube walisema. Bado. Kuna jamaa anataka nimlipe anifungulie. — Msomaji, Mombasa

Usimlipe.

Soma tena barua yako mwenyewe kaka. Umehama nyumba na umebadilisha intaneti, halafu umeshika Windows kwa shati.

Ngoja nikueleze kwa S.L.P. Tuliosoma bweni tunakumbuka, shule nzima ina sanduku moja la posta. Ukimwandikia mjomba barua, jibu likirudi linakufikia kwa sababu jina lako lipo. Lakini mtu asiyekujua akiandika tu "kwa yule kijana, S.L.P. ya shule", barua inabaki ofisini. Kampuni nyingi za intaneti sasa zinafanya hivyohivyo kwa sababu zile anwani za zamani za intaneti, IPv4, zimekwisha duniani, kwa hiyo wateja mia na zaidi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Kugawana anwani moja namna hiyo ndio NAT, na ikifanywa na kampuni inaitwa CGNAT; "Strict" ni gemu kukwambia wageni hawafiki kwako. Ukiwa wewe ndio unaanza kuongea, majibu yanarudi, ndio maana gemu unaingia. Wenzako wakitaka kuja kwako wewe ndio mwenyeji, barua zao zinaishia ofisini kwa kampuni, na zile ports ulizofungua kwenye rauta ni kama umefungua mlango wa chumba chako bwenini wakati geti la shule limefungwa.

Jinsi ya kujua kwa uhakika: ingia kwenye rauta, tafuta ukurasa unaoonyesha hali ya mtandao, kuna anwani imeandikwa "WAN IP". Iandike pembeni. Halafu kwenye browser tafuta "what is my IP". Zikifanana huko kwenye S.L.P. ya pamoja haupo, na ports zitafanya kazi. Zikitofautiana, huenda upo. Na kama ile ya kwenye rauta inaanza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, usihangaike hata kulinganisha, hizo zimetengwa kwa kazi hiyo tu. Kama inaanza na 192.168 au 10, inawezekana ni rauta mbili zimefungwa moja nyuma ya nyingine, ile ya kampuni na ile uliyonunua wewe, hapo mwambie fundi wa kampuni ya kwanza aifanye iwe "bridge" au wewe ya kwako uifanye iwe "access point" tu.

Ukishajua upo ndani ya CGNAT unapiga simu kampuni unaomba anwani ya umma. Kuna wanaotoa kwa kuongeza hela kidogo kwa mwezi, kuna wanaokwambia hiyo ni ya wateja wa ofisi. Waulize pia kama wana IPv6, zile anwani za kizazi kipya, maana huko kila nyumba ina sanduku lake, ingawa ni lazima na gemu iwe inaijua. Na njia ya bei rahisi kuliko zote: beste mmoja mwenye intaneti isiyo na shida hii awe ndio mwenyeji. Kile kipimo cha hotspot nilichosema juu kwako hakisaidii, mitandao ya simu nayo iko hivyohivyo, utapata "Strict" kote ukadhani ni kompyuta.

Kaka fundi, kompyuta yangu ilikuwa inakataa Windows 11, fundi wa mtaani akaniwekea kwa njia zake. Nilifurahi. Sasa nikifungua Valorant inaleta VAN9001 na kunitoa, na rafiki yangu anasema Battlefield 6 nayo haitafunguka. Nimezima na kuwasha rauta siku nzima. — Msomaji, Arusha

Rauta haihusiki hata kidogo.

Hii sio habari ya mtandao ingawa inakutoa mtandaoni. Magemu ya risasi yana mlinzi wake wa kukamata wezi, wale wa kupiga risasi ukutani. Ya Valorant inaitwa Vanguard, na kwenye Windows 11 inataka vitu viwili viwe vimewashwa: TPM 2.0, ambayo ni kipande cha usalama ndani ya kompyuta, na Secure Boot, ambayo inahakikisha hakuna kilichojipenyeza wakati kompyuta inawaka. VAN9001 na mwenzake VAN9003 ni malalamiko ya hapo. Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 2025 nayo inadai Secure Boot. Sasa njia alizotumia fundi wako ni kuiambia Windows ifumbe macho isitazame hivyo vitu, Windows ikafumba. Gemu haikufumba.

Usikate tamaa bado, kompyuta nyingi zina hicho kitu ila kimezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikisema hakuna kinachopatikana, huenda kimezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, kwa mashine za Intel kinaitwa PTT na za AMD kinaitwa fTPM, unaingia BIOS unakiwasha. Ikionyesha 1.2 badala ya 2.0, hiyo ndio bahati mbaya. Kisha R tena, andika msinfo32, soma mistari miwili: "BIOS Mode" na "Secure Boot State".

Nisikilize vizuri hapa maana ndipo watu wanapoua kompyuta. Kama "BIOS Mode" imeandikwa "Legacy", usikimbilie BIOS kuwasha Secure Boot. Diski yako imepangwa kwa mtindo wa zamani, MBR, ukiibadilisha BIOS peke yake kompyuta haitawaka, utakaa na skrini nyeusi ikikutafutia pa kuanzia. Kwanza hifadhi vitu vyako nje, picha, kazi za shule, kila kitu. Halafu Command Prompt ya msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikisema imekubali, unarudia kwa /convert badala ya /validate. Ikimaliza ndio unaingia BIOS kubadili kutoka "Legacy" kwenda mtindo mpya, UEFI, na kuwasha Secure Boot. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kabla hujagusa kitu, na funguo yake ya kurudishia iandike kwenye daftari, kwenye karatasi, sio kwenye kompyuta hiyohiyo. Windows 11 za karibuni zinafunga diski zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, watu hawajui wamefungwa mpaka siku wanayoulizwa tarakimu 48.

Kama TPM 2.0 haipo kabisa basi mashine hiyo sio ya Valorant kwenye Windows 11, imeisha. Wapo watakaokuuzia "bypass" kwa elfu kumi, unacheza siku mbili, akaunti inafungiwa na elfu kumi imeenda. Cheza magemu mengine huku unajichanga.

Asalaam aleikum. Mimi mama wa watoto wawili Zanzibar. Mwanangu amewekewa Windows mpya na mjomba wake, tangu hapo bando la mwezi linakwisha siku tano, na yeye usiku analia kwamba gemu inaganda ganda. Mjomba anasema mtoto anaangalia video. Mtoto anaapa haangalii. — Mama, Zanzibar

Waaleikum salaam mama. Mtoto anaweza kuwa anasema kweli, na hii ndio barua ya pili ambayo Windows ina makosa.

Windows ikiwa mpya ina njaa. Inashusha masahihisho yake, inashusha draiva, programu zake nazo zinajishushia, na OneDrive, kile kiwingu kidogo pale chini kulia, kinaweza kuwa kinapandisha picha zote za kwenye kompyuta kwenda kuhifadhiwa huko juu. Huko kupandisha ndiko kunakoumiza gemu. Gemu inatuma vitu vidogo vidogo mara nyingi kila sekunde, vikikuta mlango wa kutokea umejaa picha vinasubiri foleni, mtoto anabonyeza na mchezaji wake anasimama kama amepigwa na butwaa.

Mwambie mjomba afanye vitu vitatu. Kwenye "Network & internet", aingie kwenye jina la wai-fai ya nyumbani awashe "Metered connection", hapo Windows inajua hii intaneti ni ya kununua na inapunguza ulafi. Kwenye "Windows Update", "Advanced options", "Delivery Optimization", aangalie kama imechaguliwa kugawana na kompyuta za intaneti, azime, maana hapo mnakuwa mnawapandishia masahihisho watu msiowajua kwa bando lenu. Na kile kiwingu akibonyeze asimamishe, aje akiwashe siku mko kwenye intaneti isiyo na kipimo. Halafu kwenye "Network & internet" mkiingia "Advanced network settings" kuna "Data usage", inaonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kaeni wote watatu mwangalie. Kama ni browser ndio imekula, mama, tutaongea na mtoto.

Fundi pingi yangu ni 180 kila siku, nimeweka DNS ya 8.8.8.8 nikaweka ya 1.1.1.1 na bado. Windows 10 ilikuwa nzuri kuliko hii. — Msomaji, Dar es Salaam

DNS kazi yake ni kukuambia seva iko wapi, ikishakuambia imemaliza, risasi unazopiga hazipiti kwake. Badili mara mia, pingi, yaani ule muda wa kwenda kwenye seva na kurudi, haitashuka hata milisekunde moja.

Wewe unacheza na Ulaya. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali, kwenda na kurudi, ni milisekunde moja. Dar mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000, hiyo ni 70 hata kama hakuna kinachoichelewesha, na kebo haziendi mstari ulionyooka, zinazunguka baharini kupita Bahari ya Shamu. Johannesburg ni kama kilomita 2,500 tu. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina seva huko na nyingine Dubai, kwenye Dota chagua eneo mwenyewe, kwenye Counter-Strike punguza ile pingi ya juu unayoikubali kwenye mipangilio. Utasubiri wachezaji muda mrefu kidogo usiku wa manane, vumilia.

Ikitokea siku pingi imeruka ghafla kwa kila mtu mtaani, hata wa Windows 10, hapo huenda ni baharini. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na watu walikuwa wananipigia simu niwarekebishie kompyuta.

Jambo moja la kujaribu: kama unatumia wai-fai, chukua waya. Huna waya basi hamia 5GHz ukae chumba kimoja na rauta.

Nimechoka na Windows, nihamie Linux? — Msomaji, Nakuru

Inategemea unacheza nini. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina toleo la Linux kabisa, na Steam inaendesha mengi ya Windows kwa kutumia programu yake iitwayo Proton. Valorant na Fortnite hazifunguki huko, walinzi wao hawakubali. Kama ni hizo mbili ndio zinakuamsha asubuhi, kaa ulipo.

Na wewe wa Singida uliyetuma picha ya rauta uulize jinsi ya kuingia ndani yake: anwani na password ziko kwenye stika ya upande wa chini, igeuze upige tena. Hiyo uliyotuma inaonyesha paka amelala juu yake.